Mwenye Sauti Ndogo Ndiye Aongoze: Ushauri kwa Anayerekodi Gitaa na Inanga Kizuka

Vijana wapiga gitaa wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanapopata hamu ya kurekodi albamu ya gitaa la Kihispania pamoja na ala za wazee, swali lao la kwanza huwa moja: ninunue maiki gani? Wana haki ya kuuliza, kwani fedha ni chache na kifaa kibaya kikishanunuliwa hakirudishwi dukani. Hata hivyo kuna swali linalotangulia. Kati ya ala zote utakazoziingiza chumbani, ipi ina sauti ndogo kuliko zote? Ukishalijibu hilo, mengine mengi yanajipanga: chumba gani kinafaa, mrekodi saa ngapi, nani akae wapi, nani alinganishe nyuzi zake kwa kumfuata nani, hata malipo yagawanywe vipi.

Makala haya yanalifuata swali hilo hatua kwa hatua. Mahali pa mfano ni Kizuka, katika tarafa ya Rumonge, Burundi, nchi ya michikichi na ziwa. Anayeishi Nyanza-Lac, Uvira au Kigoma atayatumia vilevile, maana ziwa ni moja na mabati yanayolia juani ni yale yale.

Mjue aliye dhaifu

Gitaa la flamenko halikuundwa kwa ajili ya ukimya. Kule Andalusia, kusini mwa Hispania, limezoea kumsindikiza mwimbaji na mchezaji, na mchezaji wa flamenko hupiga sakafu kwa visigino huku wenzake wakipiga makofi. Ndiyo maana gitaa hilo la jadi lina mbavu nyembamba za mti wa saipresi, nyuzi zake zimelazwa karibu na shingo, na sauti yake hutoka kwa ukali kisha ikakatika upesi. Mkono wa kulia humwaga vidole kimoja baada ya kingine juu ya nyuzi zote, mtindo unaoitwa rasgueado, na mara kwa mara kidole hugonga ubao wenyewe kama ngoma. Hata likipigwa na mtu mmoja tu, gitaa hilo hujaza nyumba.

Sasa mweke mpigaji huyo kando ya mzee mwenye inanga. Inanga ya Burundi ni ubao uliochongwa na kuchimbwa, ukapitishiwa uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi kutoka ncha hadi ncha mpaka zikapatikana nyuzi nane au karibu na hapo. Katika mtindo unaojulikana zaidi, mpigaji haimbi kwa koo. Ananong'ona. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi mtindo huo nchini Burundi, na lebo ya Ocora ya Ufaransa ikautoa kwenye santuri. Tangu hapo wasikilizaji wa mbali wameujua kwa jina la inanga ya kunong'ona.

Ndani ya mnong'ono huo mna jambo ambalo kila anayerekodi lazima alijue. Mtu anayenong'ona hatoi noti. Anatoa pumzi na maneno tu. Lakini ukiisikiliza inanga ya kunong'ona utaapa kwamba sauti ya mzee inapanda na kushuka pamoja na nyuzi. Mtafiti Cornelia Fales alilichambua jambo hilo katika makala aliyoyachapisha mwaka 2002: sikio linaziunganisha pumzi na nyuzi, noti za inanga zikaonekana zinatoka kinywani mwa mtu. Wimbo huo hauko kwa mpigaji peke yake wala kwenye ala peke yake. Unazaliwa pale sauti hizo mbili zinapokutana.

Kwa prodyuza maana yake ni hii: usimrekodi mzee nyuzi leo na mnong'ono kesho. Studio nyingi za mjini zina desturi hiyo ya kurekodi kila kitu peke yake, kisha kupanga baadaye kwenye kompyuta. Kwa bendi yenye gitaa la umeme na kinanda, desturi hiyo haina ubaya. Kwa inanga, unaipasua ala na kumpasua mtu. Utabaki na nyuzi zisizo na wimbo na pumzi zisizo na maana, na hakuna kitufe kitakachozirudisha pamoja.

Ala nyingine za Burundi nazo zina udhaifu wake. Umuduri, upinde wenye uzi mmoja na kibuyu, hubadilisha sauti kadiri mpigaji anavyokisogeza kibuyu kifuani, na mabadiliko hayo hayasikiki ukiwa mbali. Ikembe ina ndimi za chuma ambazo mara nyingi huvumishwa makusudi ili zitoe mnguruma mwembamba. Fundi asiyeijua huidhani mbovu akaanza kutafuta dawa ya kuondoa mnguruma huo. Uache. Ule ndio utamu wake. Indingidi, fidla ya uzi mmoja, ina nguvu zaidi na inaweza kushindana na gitaa kidogo, lakini nayo ikizidiwa hukwaruza tu.

Chagua nyumba na saa kwa sikio la inanga

Gitaa linaweza kuvumilia kelele za nyuma. Mnong'ono hauwezi. Kabla ya kupeleka kifaa chochote Kizuka, nenda ukakae kimya katika nyumba unayoifikiria, asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku, uandike kila unachokisikia. Utashangaa orodha itakavyokuwa ndefu.

Mabati ni adui wa kwanza. Jua likipanda, bati hutanuka na kualika. Likishuka, bati hunywea na kualika tena. Mvua ndiyo usiseme. Nyumba yenye dari, au ile ya kuta nene za matofali yenye chumba cha ndani, ni bora kuliko ukumbi mzuri wenye bati tupu. Msimu wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, unakuondolea balaa la mvua, ingawa unaleta upepo wa ziwa.

Barabara ni adui wa pili. Barabara ya Taifa namba 3 inapita kandokando ya ziwa kutoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac, nayo malori huyasikia hata aliyejifungia. Nyumba iliyojificha nyuma ya mlima mdogo au katikati ya michikichi, mita mia kadhaa kutoka lami, inakupa ukimya usioweza kuununua dukani. Uliza pia kama karibu kuna kinu cha mawese. Mashine yake ikiwashwa, umeshapoteza siku.

Kisha ziwa lenyewe. Wavuvi wa ndagala na mukeke huingia majini jioni na taa zao, injini zikinguruma, na hurudi alfajiri. Lakini mbalamwezi ikiwa kubwa, uvuvi wa taa hupungua, kwa kuwa samaki hawakusanyiki vizuri kwenye taa wakati anga lote linang'aa. Kwa hiyo tazama kalenda ya mwezi kabla ya kupanga safari. Siku chache za kabla na baada ya mwezi mpevu, ufuo huwa umetulia kuliko kawaida, na wavuvi wanaopiga ala huwa nyumbani. Nani kakuambia wapigaji wazuri wote ni wakulima?

Rumonge ni mji wa Waislamu na Wakristo, na wote wana vipaza sauti. Adhana inajulikana saa zake, kwa hiyo ipangie. Kwaya za kanisa hufanya mazoezi siku maalumu. Kamuulize kiongozi wake mapema, kwa adabu, naye atakuambia ni siku zipi. Mwambie balozi wa nyumba kumi na majirani kuwa kutakuwa na kurekodi, na watoto wao wape kazi ya kuwafukuza kuku. Mtoto aliyepewa jukumu hukaa kimya kuliko aliyefukuzwa.

Mara nyingi utakuta vipindi bora ni viwili: kuanzia saa tatu usiku, watu wakishakula, na ile saa moja au mbili kabla ya jogoo wa kwanza. Mzee akisema usiku hawezi, msikilize yeye, utafute chumba kingine. Kumchosha mwenye sauti ndogo ni kuua albamu.

Chumba chenyewe kiandae kwa vitu vilivyoko. Godoro likisimamishwa nyuma ya mpigaji hufyonza mwangwi. Mikeka na blanketi ukutani hufanya kazi nzuri. Usikiue chumba kabisa, maana gitaa la nailoni linahitaji hewa kidogo irudi. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa chuma unaorudi, ongeza blanketi. Ukisikia mlio mfupi na wa joto, acha.

Gitaa ndilo lijilinganishe

Hapa ndipo wengi hukosana na wazee. Mpigaji gitaa anatoa simu yake yenye programu ya kulinganisha nyuzi, anaangalia mshale, anasema ikembe imepotoka. Haijapotoka. Ndimi za ikembe zimewekwa kwa sikio la mwenyewe, na mpangilio wa noti zake si lazima ukubaliane na ule wa piano. Kumlazimisha mzee azisogeze ndimi ili zimfurahishe mshale ni kumwomba abadilishe lahaja yake katikati ya sentensi.

Gitaa lina sikio jepesi zaidi. Anza kwa kumsikiliza mwenye inanga au ikembe akipiga polepole, noti moja moja, nawe tafuta kila noti kwenye shingo la gitaa lako. Andika zipi zinakubaliana na zipi zinapishana kidogo. Kisha shusha au pandisha gitaa lote mpaka noti muhimu zikae pamoja. Wapiga flamenko wamezoea kutumia kapo, kile kibanio cha shingoni, kwa ajili ya kumfuata mwimbaji. Safari hii kapo limfuate mzee. Noti zilizobaki na mpishano usiozibika, usizipige wakati wa mzee. Huo ni uamuzi wa mtunzi, wala si ufundi wa mashine.

Kuna tatizo la pili ambalo ni la muziki wenyewe. Flamenko ina rangi inayotokana na nusu toni iliyo juu ya noti ya nyumbani. Katika ufunguo wa Mi, rangi hiyo ni Fa, na mteremko wa kodi unaojulikana sana ni La ndogo, Sol, Fa, kisha Mi kubwa. Inanga nyingi za Burundi huimba kwa noti tano tu. Tuseme, kwa mfano, umekuta noti zake zinakaribia Mi, Sol, La, Si na Re. Fa haimo. Na ile Mi kubwa ya Kihispania ina Sol iliyopandishwa nusu toni, itakayogombana moja kwa moja na Sol ya mzee.

Dawa yake ni rahisi ukiwa mnyenyekevu. Inanga ikiwa inasema, piga Mi yako bila noti ya tatu: Mi na Si tu, zikiwa wazi. Fa iachie nafasi kati ya beti, mzee anapopumua. Msikilizaji ataipata Hispania yako, na utamu utaongezeka kwa kuwa umeichelewesha. Albamu ambamo Fa inalia kila wakati juu ya noti za inanga huchosha kabla ya wimbo wa tatu.

Mapigo: anzia kwenye rumba

Mitindo mikubwa ya flamenko, kama soleá na bulería, huzunguka mapigo 12, na mkazo huangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Ni hesabu tamu, lakini usimwombe mwenye umuduri aijifunze katika wiki moja. Hata akiijifunza, atakuwa anahesabu, na anayehesabu hapigi.

Flamenko ina mlango mwingine, nao watu wa ziwa hili wanaujua. Rumba ya flamenko na tangos hutembea kwa mapigo manne. Rumba hiyo ya Hispania ilipata damu yake kutoka Kuba, na rumba ya Kongo nayo ilipata damu yake kutoka Kuba, kupitia santuri zilizofika Léopoldville, leo Kinshasa, kabla ya miaka ya 1950. UNESCO iliiingiza flamenko kwenye orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2010, na rumba ya Kongo mwaka 2021. Kijana wa Rumonge aliyekua akisikia rumba kutoka ng'ambo ya ziwa tayari ana nusu ya lugha hiyo mwilini. Basi nyimbo mbili tatu za mwanzo ziwe za rumba. Kila mmoja akishastarehe, jaribuni jambo gumu zaidi.

Wapo waliotangulia kujaribu ndoa kama hii. Mwaka 1988 kundi la Ketama la Hispania lilitoa albamu Songhai pamoja na Toumani Diabaté wa Mali, mpiga kora ya nyuzi 21, na Mwingereza Danny Thompson kwenye besi ya kusimama. Isikilizeni pamoja na wazee kabla ya kuanza kazi. Waulizeni wao wanasikia nini kilichofaa na kilichozidi. Majibu yao yatakufundisha zaidi ya kitabu.

Kwa mapigo ya nyuma, usikimbilie kununua cajón, lile sanduku la kukalia. Flamenko yenyewe iliazima sanduku hilo kutoka Peru mwishoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa mpiga gitaa Paco de Lucía. Kama wao waliazima, nawe unaweza kutazama kilichopo. Wapiga gitaa kavu wa Katanga na wa magharibi mwa Kenya, akiwemo George Mukabi wa mtindo wa omutibo, walikuwa na chupa ya Fanta yenye mistari, inayogongwa na kukwaruzwa kwa kipande cha chuma. Sauti yake ni nyembamba, haifuniki inanga, na haigharimu kitu. Makofi ya Kihispania nayo yapigwe kwa viganja vilivyokunjwa, mpigaji akiwa mlangoni, si karibu na maiki.

Hamisha watu kabla ya kugusa vitufe

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, leo Likasi, akamrekodi Mwenda Jean Bosco, kijana aliyepiga gitaa kwa vidole viwili na kuimba kwa Kiswahili. Mtu mmoja, gitaa moja, vifaa vichache. Rekodi hizo zimeishi zaidi ya miaka 70 kwa sababu Tracey alijua pa kuweka maiki. Mara nyingi aliishika mkononi, akaisogeza huku muziki ukiendelea. Siku hizi mradi wa Singing Wells, ulioanzishwa mwaka 2011 na Ketebul Music ya Nairobi pamoja na Abubilla Music ya Uingereza, umezunguka vijiji vya Afrika Mashariki na studio ya kubebeka, ukiwarekodi wapigaji kwao badala ya kuwaita mjini. Njia hizo mbili zote zinakufaa.

Ukiwa na rekoda ndogo moja yenye maiki mbili zilizojengewa ndani, iweke mbele ya mwenye inanga, sentimita 40 hivi kutoka kwake, kati ya kinywa na ubao, ili mnong'ono na nyuzi ziingie kwa kiasi kinacholingana. Kisha mrudishe mpiga gitaa nyuma. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Chumbani hupungua kidogo chini ya hapo. Gitaa likianza mita mbili kutoka kwenye rekoda, pengine litakuwa mahali pake. Likizidi, asogee tena. Likipotea, asogee mbele hatua moja. Sikiliza kwa hedifoni, si kwa macho.

Ukiwa na maiki nne, mbili mpe mwenye inanga, moja mpe gitaa, na moja iwe ya ala ya tatu. Ya gitaa iweke sentimita 30 hadi 40, ielekee pale shingo linapokutana na mwili, karibu na freti ya 12. Ukiielekeza kwenye tundu utapata mvumo mzito unaomeza kila kitu. Umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na ala yake. Na maiki ya inanga igeuzie gitaa mgongo, kwani maiki nyingi husikia mbele na kupuuza nyuma.

Sasa ndipo tunaweza kurudi kwenye swali la dukani. Kwa ala zenye sauti ndogo, usitazame jina la maiki. Tazama mvumo wake wa ndani, unaoandikwa kwa desibeli kwenye karatasi ya maelezo. Usiozidi 15 unafaa. Maiki ya jukwaani ya kuimbia, hata ikiwa imara namna gani, itakulazimisha kuongeza nguvu mpaka uanze kusikia shuu ya kifaa chenyewe.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, na vilele vya sauti vikae chini ya sifuri kwa desibeli 10 au 12. Hakuna tuzo ya kujaza mita. Rasgueado moja ya ghafla itakuvurugia wimbo mzima ukiwa umebana mpaka juu.

Umeme, unyevu, nakala

Usiitegemee Regideso, shirika la umeme, usiku wa kazi. Rekodi kwa betri, nyingine ziwe zimechajiwa mchana kwa sola. Jenereta iwe ya kuchajia tu, si ya kurekodia. Hata umeme ukiwepo, betri hukuepusha na mvumo wa hezi 50 unaoingia kupitia waya mbovu za nyumba. Zima friji, zima feni, na taa zinazong'aa kwa kelele ya chinichini zizime pia.

Unyevu wa ziwa huvimbisha mbao na kulegeza nyuzi za nailoni. Gitaa lilale kwenye kasha lake, pakiti za kufyonza unyevu zikiwa ndani, na litolewe saa moja kabla ili lizoee chumba. Nyuzi mpya zifungwe siku mbili tatu kabla, si asubuhi ya kazi. Inanga na ikembe usizikaushe kwa jua wala kuzipaka mafuta yako. Zina mwenyewe.

Kwa vipimo nilivyotaja, saa moja ya njia mbili za sauti hula takriban gigabaiti moja. Njia nne, mbili. Beba kadi za akiba, na kila usiku kabla ya kulala tengeneza nakala mbili. Moja ilale kwako, nyingine ilale nyumba nyingine.

Ngoma zina sheria yake

Utashawishika kuingiza ingoma, ngoma kubwa za Burundi ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 pamoja na mchezo wake. Ushauri wangu ni kuziacha nje ya albamu hii, au kuzirekodi peke yake, uwanjani, siku nyingine. Inanga haiwezi kukaa nazo chumba kimoja.

Kuna na sheria. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizo, na ikataka anayezipigisha nje ya sherehe rasmi apate kibali cha wizara ya utamaduni. Usianze kufunga maiki kabla ya kwenda kuuliza ofisini na kupata jibu la maandishi.

Majina na malipo

Ngoma za Burundi zinatufundisha jambo lingine. Vuylsteke alizirekodi nazo mwaka 1967, na rekodi hizo zilisafiri. Mwaka 1971 mapigo yale yalijengewa wimbo wa dansi ulioitwa Burundi Black. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell aliyatumia katika The Jungle Line. Miaka ya 1980 bendi za Uingereza zikayaiga. Dunia nzima ikalijua jina la nchi, lakini wapigaji wenyewe hakuna aliyewataja mmoja mmoja.

Usirudie. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, mwombe kila mpigaji aseme jina lake, jina la ala yake na mahali anapotoka, na sauti hiyo uihifadhi. Mkataba uandikwe kwa lugha anayoisoma, na asiyesoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini. Usimuuzie mzee mbuzi kwenye gunia. Mkataba uwe na vitu vitatu: malipo ya siku, yanayotolewa siku hiyo hiyo; mgao wa mapato ya baadaye; na haki ya kukataa wimbo fulani usitolewe. Wimbo alioutunga mzee uandikishwe kwa jina lake katika OBDA, ofisi ya haki za watunzi ya Burundi, nao wa mapokeo uandikwe kuwa wa mapokeo, si wako.

Katika mgao, usipime kwa dakika za kelele. Mwenye inanga atasikika kidogo kuliko wewe, lakini ni kwa ajili yake mtu wa mbali atainunua albamu hii badala ya maelfu ya albamu nyingine za gitaa.

Kuchanganya

Ukirudi mjini na faili zako, kazi ya kuchanganya ianze na inanga peke yake. Iweke mahali inapotulia, kisha usiiguse tena. Lilete gitaa kutoka chini polepole mpaka lisikike vizuri, halafu lishushe kidogo. Usitumie mashine za kubana sauti kwa nguvu. Zitaupandisha mnong'ono, ndiyo, lakini zitapandisha pia mabati, vyura na pumzi za watu wote.

Ijaribu kwenye simu, kwenye redio ndogo ya sokoni, na kwenye spika za gari linalokwenda Bujumbura. Mnong'ono ukipotea kwenye simu, tatizo si simu. Rudi kwenye gitaa ulishushe tena. Kisha, kabla albamu haijatoka, ichukue mpaka Kizuka, mketi na mzee mwenye inanga, muisikilize yote kuanzia mwanzo. Akisema hajisikii, hujamaliza. Akianza kusahihisha maneno yake mwenyewe na kukuambia ubeti ule angeusema vingine, hapo ujue amejisikia, na unaweza kuitoa.